Divisheni ya 101 ya Marekani: jina lao ni la haki au wamebebwa?

Msomaji wa Magomeni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna kitu kinanitatiza. Ukigusia askari wa miamvuli wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili, kila mtu anakutajia Divisheni ya 101, wale wenye kichwa cha tai begani. Bastogne, Bastogne, Bastogne, ule mji wa Ubelgiji. Lakini ukikaa chini ukahesabu, ndugu zao wa Divisheni ya 82 walirukia vitani mara nne: Sicily Julai 1943, Salerno Septemba 1943, Normandy Juni 1944 na Uholanzi Septemba 1944. Hawa wa 101 waliruka mara mbili tu, Normandy na Uholanzi. Na hiyo Bastogne inayowapa sifa hawakuruka kabisa, walipelekwa kwa malori.

Naomba wajuzi mnieleweshe. Jina hili ni la haki, au jamaa wamebebwa?

Chuma Chakavu

Wamebebwa na televisheni. Ile tamthilia ya mwaka 2001 kuhusu kombania moja ya rejimenti ya 506 ndiyo iliyomaliza kazi. Kabla ya hapo nani mtaani kwenu alikuwa anaijua 101? Jibu limepatikana, uzi ufungwe.

Shabiki wa 82

Hatimaye kuna mwenye ujasiri wa kuuliza! Ndugu, 82 ndiyo iliyolipa ada ya shule. Sicily, usiku wa tarehe 11 Julai 1943, ndege 144 zilibeba rejimenti ya 504 kwenda kuongeza nguvu. Meli za Marekani zikadhani ni Wajerumani, moja ikafyatua, zote zikafuata. Ndege 23 zilidunguliwa na wenzao wenyewe. Ile mistari myeusi na myeupe mnayoiona kwenye mabawa ya ndege za Normandy ilipakwa ili upuuzi kama huo usijirudie. 101 wakati huo walikuwa bado mazoezini.

Kamanda wetu Gavin aliruka zote nne. Nani upande wa pili ana rekodi hiyo?

Fundi Redio

@Chuma Chakavu, umechapia. Jina lilikuwepo miaka hamsini na kitu kabla ya hiyo tamthilia. Tuanze mwanzo.

Divisheni iliundwa Agosti 1942, Camp Claiborne, Louisiana. Jenerali William Lee, kamanda wa kwanza, aliwaambia askari wake kwamba divisheni haina historia bado ila ina miadi na majaliwa. Maneno makubwa kwa watu ambao hawajafyatua risasi hata moja. Lee mwenyewe moyo ulimsumbua mapema 1944, akarudishwa nyumbani, Maxwell Taylor akashika nafasi. Normandy walitawanyika ovyo, watu wakatua kwenye mashamba yaliyofurishwa maji, wengine mbali kabisa na walikopangiwa. Wakajikusanya gizani kwa vile vidude vya shaba vinavyolia "tik-tak" ukivibonyeza: ukibonyeza mara moja, mwenzako anajibu mara mbili. Baada ya siku chache wakauteka mji wa Carentan. Kazi nzuri, lakini 82 nao walifanya yao Sainte-Mère-Église. Mpaka hapo hakuna aliyemzidi mwenzake kwa jina.

Kilichobadilisha mambo ni Desemba 1944. Wajerumani walishambulia Ardennes, eneo la misitu la Ubelgiji, tarehe 16. Bastogne ni mji mdogo, ila barabara saba za lami zinakutana pale. Mwenye vifaru bila Bastogne anabaki na njia za tope. 101 walikuwa wamepumzika Mourmelon, Ufaransa. Taylor yuko Marekani, naibu wake yuko Uingereza, aliyebaki mkubwa ni Anthony McAuliffe, mtu wa mizinga. Tarehe 18 wakapakiwa kwenye malori ya wazi, wengi hawana makoti ya baridi, baadhi hawana hata risasi. Njiani wakawa wanapokea risasi kutoka kwa askari waliokuwa wakikimbia kuja upande wao.

Wakazingirwa. Tarehe 22 Wajerumani wanne wakaja na kitambaa cheupe na barua ya kuwataka wasalimu amri. McAuliffe akajibu kwa neno moja la dharau, likapigwa taipu, likapelekwa. Tarehe 23 mawingu yakafunguka, ndege zaidi ya 200 zikadondosha risasi, dawa na chakula. Tarehe 26 vifaru vya Divisheni ya 4 ya Jenerali Patton vikapenya kutoka kusini.

Sasa fikiria wewe ni mwandishi wa habari Krismasi ya 1944, na habari zote za wiki hiyo ni za kurudi nyuma. Halafu unapata mji mmoja uliokataa. Utaandika nini? Machi 15, 1945 Jenerali Eisenhower mwenyewe, kamanda mkuu wa Washirika huko Ulaya, akaenda Mourmelon kuwapa tuzo ya rais, mara ya kwanza kupewa divisheni nzima. Televisheni ilikuta jina limeshaiva.

Msomaji wa Magomeni

Asante mkuu Fundi, umeshusha nondo. Kwa hiyo unasema ni magazeti?

Fundi Redio

Nasema ni kuzingirwa. Magazeti yalifuata.

Mpenda Karata

Mimi historia sina, ila nina swali la kipumbavu. Kwenye picha za helmeti zao naona alama za karata. Ni kweli au ni mbwembwe za wasanii?

Shabiki wa 82

Hilo ni kweli, nawapa. 501 walichora uru, 502 kopa, 506 shupaza, na 327, wale wa glaida, pau. Ilikuwa ni kumtambua mwenzako haraka mkitua mmechanganyika.

Mpenda Karata

Kumbe! Sasa nani alikuwa na jokari?

Chuma Chakavu

Jokari ni wewe.

Asali Chungu

Samahanini, naona mnasimulia Bastogne kana kwamba 101 walikuwa peke yao ndani ya duara. Hapo ndipo ninapoona kubebwa kwenyewe.

Kulikuwa na brigedi ya vifaru ya Divisheni ya 10, ambayo ilifika Bastogne KABLA ya 101. Vijana wake waliokuwa Noville, chini ya meja mwenye miaka ishirini na kitu, ndio waliopokea kipigo cha kwanza upande wa kaskazini. Kulikuwa na kikosi cha 705 cha kuwinda vifaru. Na kulikuwa na kikosi cha mizinga cha 969, mizinga ya milimita 155, askari wake Weusi, kwa sababu jeshi la Marekani wakati huo lilikuwa la kubaguana. Mabaki ya kikosi kingine cha Weusi, cha 333, walioponea chupuchupu siku za kwanza, wakaungana nao. Wenzao kumi na mmoja wa 333 walikamatwa kijiji cha Wereth tarehe 17 Desemba, askari wa SS wa Hitler wakawaua.

969 walipewa tuzo ileile ya kikosi. Haya, nani hapa alikuwa amewahi kuwasikia? Tai yuko kwenye kofia za madukani. Wengine wako wapi?

Fundi Redio

@Asali Chungu umenena, na Taylor mwenyewe aliwasifu 969 kwa maandishi. Ila bila 101 duara halikuwepo. Brigedi moja ya vifaru isingeweza kushikilia mzunguko ule wote.

Asali Chungu

Na bila mizinga ya 969 askari wa miguu wangeshikilia kwa kutumia nini? Theluji?

Rugo ya Buja

Amahoro ndugu zangu. Mimi ni Mrundi, niko Bujumbura. Kwa kuwa mmefika kwa waliosahaulika, naongeza mmoja ambaye ni wa kwetu kabisa.

Augusta Chiwy. Alizaliwa mwaka 1921 Mubavu, Burundi, enzi za Ruanda-Urundi ya Wabelgiji. Baba Mbelgiji, daktari wa mifugo, mama Mwafrika. Akapelekwa Ubelgiji akiwa mtoto mdogo, akasomea uuguzi. Desemba 1944 alikuwa anafanya kazi Leuven, akaenda Bastogne kula Krismasi na baba yake. Akajikuta ndani ya mji uliofungwa.

Alijitolea kwa Dkt. Jack Prior, daktari wa hiyohiyo Divisheni ya 10 ya vifaru anayoisema dada Asali. Wauguzi wawili: yeye na Renée Lemaire. Nguo zake zilipoloa damu akavaa sare ya jeshi la Marekani, akawa anatoka nje kwenda kubeba majeruhi chini ya risasi. Kumbukeni jeshi lile halikuruhusu muuguzi Mweusi kumgusa askari Mzungu. Kuna waliokataa mikono yake. Inasimuliwa kwamba Prior aliwaambia wachague kati ya huyu dada na kifo.

Usiku wa mkesha wa Krismasi bomu likaangukia kituo. Lemaire alikufa pamoja na majeruhi karibu thelathini. Augusta alikuwa nyumba ya jirani, mlipuko ukamrusha ukutani, akanyanyuka.

Baada ya vita watu wakaamini alikufa pale. Mwanahistoria mmoja akaja kumkuta hai, bibi kizee, huko Ubelgiji. Mwaka 2011 mfalme akampa heshima ya ushujaa, na Desemba mwaka huohuo jeshi la Marekani nalo likampa nishani. Alifariki Agosti 2015 akiwa na miaka 94.

Msomaji wa Magomeni

Mrundi ndani ya Bastogne! Aisee. Hili sikulijua kabisa. Mkuu Rugo, asante sana.

Lakini swali: divisheni nzima ilikosa madaktari mpaka wategemee raia?

Fundi Redio

Ndiyo. Kombania yao ya tiba, ya 326, ilipiga mahema njiapanda magharibi ya mji, wakiamini huko ndiko nyuma kwenye usalama. Usiku wa tarehe 19 Wajerumani wakatokea upande huohuo, wakabeba karibu kila kitu: madaktari, dawa, vifaa vya upasuaji, magari. Kuanzia hapo majeruhi walilazwa kanisani, kwenye karakana, popote penye paa. Madaktari wa upasuaji waliletwa kwa glaida tarehe 26.

Kwa hiyo ukisikia "walishikilia", jua kuna watu walikuwa wanakufa sakafuni kwa kidonda ambacho siku nyingine kingeshonwa.

Tangi Safi

NAUZA MATANGI YA MAJI LITA 1000 HADI 5000. BEI POA. KARIBU PM.

Chuma Chakavu

Huyu naye kazingirwa na madeni. Mods, fanyeni yenu.

Kivu Moja

Jambo bandugu. Niko Goma lakini mama ni wa Kisangani. Wazee wa kule banasema Waamerika walirukia mji kwa miavuli mwaka 1964, wakati wa waasi wa Simba. Hao si ndio hawa ba 101?

Fundi Redio

Hapana ndugu yangu. Ndege zilikuwa za Marekani, C-130. Walioruka asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964 walikuwa makomando wa Ubelgiji, zaidi ya 300, chini ya Kanali Charles Laurent. Walipitia kisiwa cha Ascension kule Atlantiki. Siku mbili baadaye wakaruka tena Paulis, ambayo leo ni Isiro. Wazee waliona nyota ya Marekani kwenye ndege, hapo ndipo mchanganyiko ulipoanzia.

Kivu Moja

Sawa. Lakini kwa mutu aliye chini, ndege ni ya Amerika, mwanvuli unatoka mule. Atasema nini?

Jaduong 254

Wazee wa kazi, mmesahau Mogadishu. Oktoba 1993, helikopta mbili chini, wanajeshi wakaburutwa barabarani. Hao ni 101, na jina likaingia doa.

Dereva wa Tennessee

Buda, karibu lakini si hivyo. Mimi naendesha trela huku, nakaa karibu na Clarksville, mlangoni mwa Fort Campbell. Marubani wa Mogadishu walikuwa wa kikosi cha 160 cha operesheni maalumu. Kambi yao ni hii hapa, na mwanzoni kabisa kikosi kilianzishwa kwa kuchukua marubani na helikopta za 101, ndiyo maana watu wanachanganya. Lakini 1993 walikuwa ni kikosi kingine na amri nyingine. Waliokuwa chini ni makomando wa Rangers na Delta, na waliokuja kuwatoa ni Divisheni ya 10 ya Milimani pamoja na Wapakistani na Wamalaysia.

Na niwaambie kitu: hawa jamaa HAWARUKI tena. Tangu 1968, Vietnam, waligeuzwa kuwa divisheni ya helikopta, na 1974 wakaachana na miamvuli rasmi. Neno la miamvuli limebaki begani juu ya tai kwa heshima tu. Mwaka 1991 waliingia Iraki kwa helikopta karibu kilomita 150 siku ya kwanza ya vita vya nchi kavu. Usiku huku zikipita juu, vikombe vinacheza kabatini.

Shabiki wa 82

HAWARUKI. Nirudie kwa walioko nyuma: hawaruki. 82 wanaruka mpaka leo.

Dereva wa Tennessee

Wanaruka mazoezini, mzee. Mara ya mwisho kurukia vitani ni Panama 1989. Kabul Agosti 2021 walishuka kwenye ndege kwa miguu kama abiria wengine.

Shabiki wa 82

Na jenerali wao, Donahue, ndiye aliyekuwa askari wa mwisho kuondoka. Hilo hulisemi.

Chuma Chakavu

Tuacheni. Cha maana ni kwamba Jimi Hendrix alikuwa 101. Hoja imefungwa upya.

Dereva wa Tennessee

Ni kweli, 1961 hadi 1962. Hakudumu. Inasemekana gitaa lilimshughulisha kuliko bunduki.

Bint Lamu

Assalaam aleikum. Nimesoma uzi wote kimya. Nyinyi mwawataja Ulaya na Vietnam, sisi tumewaona jirani.

Tarehe 5 Januari 2020 alfajiri al-Shabaab walivamia kile kiwanja cha ndege cha Manda Bay, huko Magogoni. Wamarekani watatu walikufa, askari mmoja na wawili wa mkataba, na ndege zikaungua. Moshi mweusi ulionekana mbali. Walioletwa haraka kutoka Djibouti kuja kulinda walikuwa ni askari wa 101 hao hao, kile kikosi chao cha dharura cha Afrika Mashariki. Picha zao zilitolewa, tai begani. Kwa wavuvi wa huku jina lao halina Bastogne ndani yake. Lina kule ambako siku hizi hupiti na mashua bila kuulizwa.

Jaduong 254

Hiyo kitu ya Manda Bay tulidanganywa mwanzo eti imezimwa hakuna maafa. Asante kwa kuweka wazi.

Bint Lamu

Na kwa haki yao, mwaka 2014 makao makuu ya divisheni yalipelekwa Liberia wakati wa Ebola, chini ya Jenerali Volesky. Huko walikwenda kujenga vituo vya tiba na maabara. Hilo nalo liandikwe.

Mzee Kifaru

Vijana, hamjambo. Nimeshawishika niandike.

Baba yangu mkubwa alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Alituachia beji ya kitambaa yenye kichwa cha kifaru, alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Uzi wake umefumuka pembeni na pembe ya kifaru imeliwa na nondo, lakini inaonekana. Waliteremka Bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, katikati ya masika ya kule, tope mpaka magotini, malaria ikiwaangusha wengi kuliko Mjapani. Mapema Desemba 1944 wakaingia Kalewa, na siku chache baadaye daraja la chuma likatandikwa kuvuka mto Chindwin, moja ya marefu kabisa ya aina yake wakati huo. Desemba 1944. Mwezi uleule wa Bastogne.

Kabla ya hapo, Februari, meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Manowari ya Kijapani iliizamisha tarehe 12. Watu karibu 1,300 walikufa, ndani ya dakika chache.

Sasa mwenye uzi, unauliza kwa nini 101 wana jina kuliko 82. Wote wawili wana jina! Njoo huku kwetu uulize.

Msomaji wa Magomeni

Shikamoo Mzee. Hapo umenimaliza. Unadhani sababu ni nini?

Mzee Kifaru

Marahaba. Waandishi walikuwa Ulaya. Na aliyetupeleka Burma hakuwa na haja ya sisi kujulikana, maana mtu akishajulikana kwamba amepigana huanza kudai.

Fundi Redio

Naheshimu, Mzee, lakini Burma hata Waingereza wenyewe waliokuwa kule walilalamika wamesahauliwa. Umbali nao ulichangia. London ilikuwa inatazama Ujerumani.

Mzee Kifaru

Waingereza walilalamika wakasikika. Hapo ndipo tofauti ilipo, kijana.

Mwalimu wa Zamu

Mimi kwangu jina la 101 ni Little Rock, Arkansas. Septemba 1957 gavana alizuia watoto tisa Weusi kuingia shule ya Central. Eisenhower, yuleyule aliyewapa tuzo ya Bastogne, sasa akiwa rais, akawatuma zaidi ya askari elfu moja wa 101. Tarehe 25 watoto wakapanda ngazi za shule katikati ya mabaneti. Askari waliwasindikiza mpaka korido za madarasa. Nikifundisha haki za raia Marekani, wanafunzi hushangaa hili kuliko vita yoyote.

Asali Chungu

Mwalimu, ongeza ukurasa unaofuata basi. Miaka kumi baadaye, 1967, platuni moja ya upelelezi ya rejimenti hiyohiyo ya 327, Tiger Force, iliua raia wa Vietnam miezi na miezi huko Quang Ngai na Quang Nam. Wakulima, wazee. Jeshi lilichunguza miaka ya sabini, hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa. Dunia ilijua mwaka 2003 gazeti la Toledo, Ohio, lilipofukua, na likapata tuzo ya uandishi ya Pulitzer. Halafu Machi 2006, Mahmudiyah, Iraki, askari wa rejimenti ya 502 walimbaka msichana wa miaka 14 na kumuua pamoja na wazazi na mdogo wake. Wote hao walivaa tai yuleyule.

Shabiki wa 82

Kila jeshi lina wahalifu wake.

Asali Chungu

Sijasema halina. Nasema jina kubwa hufunika. Kikosi kisicho na jina kikifanya hivyo, hayo ndiyo yanakuwa jina lake.

Dereva wa Tennessee

Mimi sitakubali moja kwa moja. Hao wa Mahmudiyah walifikishwa mahakamani, wana vifungo vizito, na mmoja wa askari wa platuni yao wenyewe ndiye aliyetoa taarifa. Tiger Force ndiyo aibu, maana walioficha walikuwa wakubwa. Halafu msisahau kilima namba 937 huko Vietnam, Mei 1969. Siku kumi za kupanda na kushushwa, askari zaidi ya sabini wakafa, na mwanzoni mwa Juni jeshi likakiacha kilima. Huku wazee wa Vietnam hawazungumzii Bastogne. Wanazungumzia kilima hicho na wanauliza kilikuwa cha nini.

Na Desemba huku inakumbukwa kwa jambo lingine: ndege iliyoanguka Gander, Kanada, tarehe 12 Desemba 1985. Askari 248, karibu wote wa divisheni, wakirudi Krismasi kutoka Sinai. Sioni hata mmoja wenu amewataja.

Chuma Chakavu

Mnawachafua bure. Hawa ndio walioteka nyumba ya Hitler milimani Berchtesgaden, mwisho wa ubishi.

Shabiki wa 82

Ubishi ndiyo kwanza umeanza. Divisheni ya 3 ya Marekani inasema ilifika mwanzo, tarehe 4 Mei 1945. Wafaransa wa Jenerali Leclerc nao wanasema ni wao. 101 walifika wakakuta mvinyo, na hapo ndipo walipopiga picha.

Chuma Chakavu

Mwenye picha ndiye mwenye mali.

Fundi Redio

Mkitaka kitu cha kuwaunganisha wote wawili kwenye ubaguzi: kulikuwa na batalioni ya 555 ya miamvuli, askari Weusi watupu. Hawakupelekwa Ulaya. Mwaka 1945 walipelekwa Oregon kurukia moto wa misitu, kwa hofu ya mabomu ya maputo ya Wajapani. Baada ya vita Gavin ndiye aliyewaingiza ndani ya 82, kabla jeshi zima halijaamriwa kuacha ubaguzi.

Shabiki wa 82

Nilikuwa nimeihifadhi hiyo kwa ajili ya mwisho, umeniibia.

Rugo ya Buja

Nimeulizwa PM kama Augusta alifanya kazi na 101 au la. Kituo kilikuwa cha Divisheni ya 10. Lakini majeruhi hawakuwa wanaulizwa beji mlangoni, na wa 101 walipita mikononi mwake.

Mpenda Karata

Narudi na swali la pili la kipumbavu. Mmetaja glaida mara mbili. Glaida ni nini hasa, na kwa nini mtu akubali kupanda ndege isiyo na injini usiku?

Fundi Redio

Mabomba ya chuma, turubai na mbao nyembamba. Inavutwa kwa kamba na ndege nyingine, kamba inaachiwa, mnatua popote. Inabeba askari kama 13, au gari moja la jeep na watu wachache. Jenerali Don Pratt, naibu kamanda wa 101, alifia ndani ya glaida alfajiri ya Normandy. Ilitua ikateleza kwenye majani yenye umande mpaka ikagonga miti, yeye shingo ikavunjika.

Kuhusu kukubali: hawakuulizwa. Wa mwamvuli alijitolea na alilipwa nyongeza ya dola 50 kwa mwezi. Wa glaida alipangiwa tu, na nyongeza ya hatari hawakuipata mpaka Julai 1944.

Mpenda Karata

Yaani Normandy walishuka bure?

Fundi Redio

Bure. Na wengi wa 327 hata hiyo glaida hawakuipata, ndege hazikutosha. Walifika ufukwe wa Utah kwa meli, wakaloa kama askari wengine.

Shabiki wa 82

Divisheni ya angani iliyokuja kwa meli, ikaenda Bastogne kwa lori, na sasa inatembea kwa helikopta. Mimi nimemaliza.

Dereva wa Tennessee

Hujamaliza, tunakungoja na Nijmegen. Fungua uzi wake ueleze kwa nini daraja lile halikutekwa siku ya kwanza.